Safari ya Bibi Nambiga na Jina la Mtoto wa Tatu

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema bali hii ya juzijuzi, simu zikiwa zimeshafika kijiji cha Mkasu na umeme ukiwa bado njiani, aliishi kikongwe aliyeitwa Bibi Nambiga. Magoti yake yalikuwa yamestaafu. Mdomo wake ulikuwa bado kazini.

Binti yake wa mwisho aliolewa Lugombe, ng'ambo ya kilima. Na desturi ya watu wale ni hii: mtoto mchanga hukaa ndani siku saba. Siku ya saba, kabla jua halijazama, bibi wa upande wa mama humpakata, huvuka naye kizingiti na kutaja jina lake. Jina likishatoka nje halirudi ndani. Bibi huyo asipofika, kazi huchukuliwa na bibi wa upande wa baba.

Mtoto wa kwanza alipozaliwa, Bibi Nambiga alichelewa, akakuta Bibi Tukae wa upande wa baba ameshamtoa mtoto na kumwita Tukae. Mtoto wa pili alipozaliwa, Bibi Nambiga alichelewa tena. Naye akaitwa Tukae. Ukiita jina hilo katika ua ule wanaitika watatu, na anayetumwa haendi.

Sasa alikuwa amezaliwa wa tatu, msichana. Habari zilifika Mkasu siku ya sita.

"Siendi kumkuta Tukae mwingine," alisema Bibi Nambiga, ameketi kibarazani kwa fundi baiskeli. "Wa nne sijui kama nitamwona. Atakayenifikisha Lugombe kesho kabla jua halijazama, mtoto huyu ataitwa jina lake."

Hapo walikuwapo watu watatu.

Wa kwanza alikuwa fundi mwenyewe, Matanji, ambaye hakujaliwa mtoto. Kwa mwaka mzima alikuwa akiunganisha baiskeli mbili kuwa guta la magurudumu matatu, lenye mota ya umeme aliyoikomboa kwenye mashine mbovu ya kukoboa mpunga. Kiti cha abiria alikitoa sebuleni kwake. Mkewe sasa alikalia ndoo.

Wa pili alikuwa Havijawa, aliyechaji simu za kijiji kizima kwa sola. Alikuwa na watoto watano, wote wamepewa majina na wakwe, na hakuna siku aliyoulizwa.

Wa tatu alikuwa Salanga, mbeba magunia kwa baiskeli, ambaye kila jioni alikuja kulicheka guta.

"Guta ninalo," alisema Matanji. "Sina betri."

"Betri ninayo," alisema Havijawa. "Ila haisafiri peke yake. Nitakuja nayo."

"Mpakie bibi kwenye keria yangu," alisema Salanga, "afike leo leo."

"Keria yako iliniangusha mwaka wa mafuriko," alisema Bibi Nambiga. "Bado nina alama. Niwaonyeshe?"

Hawakutaka kuonyeshwa.

"Basi nitawasindikiza," alisema Salanga, "nijue mtakapolala."

Asubuhi wakaondoka. Matanji ameshika usukani, bibi kwenye kiti cha sebuleni, Havijawa ubavuni amekumbatia betri. Paneli ya sola aliifunga juu imkinge bibi na jua. Guta likanguruma, Mkasu ikapiga makofi, na Salanga akafuata nyuma akitweta. Walikwenda vizuri hadi chini ya kilima. Hapo guta likasimama.

"Limepumzika," alisema Matanji.

"Limekufa," alisema Salanga, akiegemeza baiskeli yake.

Matanji akageuka. "Dada Havijawa, betri uliijaza?"

"Jana nzima ilikuwa juani."

"Ikajaa?"

"Ikajaa. Halafu usiku wakaja watu na simu zao. Ningewaambiaje? Mama Kigodoro mwanawe yuko safarini."

"Simu ngapi?"

"Chache."

"Ngapi, dada?"

"Thelathini na moja. Na redio ya mwalimu."

"Basi piga pedali, mwanangu," alisema Bibi Nambiga. "Haya mambo ya betri mtazungumza mbele ya safari."

Matanji akatazama chini. Bibi naye akatazama chini.

"Pedali ziko wapi?"

"Nimeziacha nyumbani, bibi. Nilizifungua jana. Nilitaka watu waone ni umeme mtupu."

"Na huko nyumbani zinafanya nini?"

Salanga alicheka mpaka akakaa njiani. Kisha akajifuta macho, akafungua mpira anaofungia magunia, akaufunga upande mmoja kwenye baiskeli yake na upande wa pili kwenye guta. Havijawa alitazama juu. Ukungu ulikuwa bado umekalia kilima. Akaunganisha nyaya za paneli hivyo hivyo.

Salanga akavuta. Wenzake wakasukuma, ingawa baadaye kila mmoja alikumbuka kivyake nani alisukuma kwa nguvu. Alivuta na kupumzika, alivuta na kupumzika, bibi akimhesabia kona. Mchana ulipofika walikuwa juu, na shati la Salanga lingeweza kukamuliwa likajaza kata.

Matanji akarudi kwenye usukani, Havijawa akapanda. Salanga, mbele yao, akageuka asifiwe. Akasahau kufungua mpira.

Guta likampita. Kisha likamvuta. Salanga akateremka kilima kinyumenyume, akiwa bado juu ya baiskeli, akiaga miti aliyoipita. Matanji akakamata breki, na nyaya za breki zikamjia mkononi zote mbili; alizipima kwa uzito wake mwenyewe, hakukumbuka kuhesabu kiti, betri na bibi. Akatoa miguu nje. Alikuwa amevaa katambuga, viatu vya tairi la lori, akazikandamiza ardhini. Zikatoa moshi. Kona ya kwanza zilikuwa nene, kona ya pili nyembamba, na guta liliposimama, hatua mbili kutoka korongo la kando ya njia, Matanji alikuwa peku na malengelenge.

"Mbona tumesimama?" aliuliza Bibi Nambiga. "Ndiyo kwanza nilikuwa nazoea."

Mbele yao kulikuwa na mto mkavu, mchanga mtupu, na ng'ambo ndiyo Lugombe. Baiskeli ya Salanga ilikuwa imejikunja gurudumu. Matanji hakuweza kukanyaga. Jua lilikuwa limeanza kushuka.

"Tumbebe bibi," alisema Salanga.

"Mguu hauendi," alisema Matanji.

"Tutasubiri," alisema Havijawa.

"Tusubiri nini, na jua linaondoka?"

"Hilo hilo jua."

Akaigeuza paneli ilitazame jua uso kwa uso, akaketi kando ya betri kama mtu anayelinda mpunga. Wakamsihi, hakuinuka. Wakamlaumu, hakuinuka. Salanga akaomba achaji simu kidogo tu, awajulishe waliko. Alitazamwa mpaka akairudisha mfukoni. Kivuli cha guta kilipofika kwenye jiwe alilolichagua, Havijawa akasema, "Sasa." Mota ikanguruma. Wakavuka mchanga wote, Salanga akifuata na baiskeli begani, wakaingia uani jua likiwa juu kidogo ya paa.

Bibi Tukae alikuwa mlangoni, mtoto mikononi, mguu mmoja umeshanyanyuka.

"Rudisha mguu, mwenzangu," alisema Bibi Nambiga kutoka kwenye kiti cha sebuleni.

Akasaidiwa kushuka. Akapokea mtoto, akasimama ndani ya kizingiti, akawatazama watatu wale.

"Haya. Nani?"

"Mimi," alisema Matanji. "Bila guta usingetoka kibarazani kwangu. Na bila miguu hii ungekuwa korongoni. Sina mtoto, bibi. Jina langu litaishia kwangu."

"Mtoto wa kike aitwe Matanji?" aliuliza Salanga.

"Mbona mimi nimepewa jina la bibi yangu na sijafa?" alijibu Matanji.

"Mimi," alisema Havijawa. "Betri ndiyo iliyokutoa Mkasu na ndiyo iliyokuingiza Lugombe. Mlipoharakisha, mimi nilingoja. Nimezaa watano, bibi, sijawahi kuulizwa jina."

"Ni simu zako zilizotulaza chini ya kilima," alisema Salanga. "Mimi ndiye niliyevuta. Wao walileta vyuma, mimi nilileta mwili."

"Na mpira ukasahau kufungua," alisema Matanji.

"Nilisahau kwa kuchoka. Nilichoka kwa nani?"

Bibi Tukae akakohoa taratibu. "Mkishindwa kupatana," alisema, "lipo jina ambalo nyumba hii imeshalizoea."

Watu wa uani wakageuka kulitazama jua. Nusu yake ilikuwa imezama.

Kisa hiki nimekisimulia mahali pengi, na mara moja moja nimempa ushindi kila mmoja wao. Kila nilipompa mmoja, njiani kurudi nyumbani niliwakumbuka wawili waliobaki. Ndiyo maana nimewaletea ninyi. Bibi Nambiga ameshainua mguu, mdomo umeshafunguka, na jua limebaki ukubwa wa ukucha.

Semeni upesi: msichana huyu aitwe nani?