Kwa Nini Kaa Hugeuka Ukutani

Nyinyi mnaosubiri zamu ya kushika padi ya mchezo, sogeeni kidogo, na anayecheza aendelee kucheza, maana hadithi hii haihitaji kuzima runinga. Mchezo wa Mrukaji mnaujua tangu mko wadogo. Kaka zenu waliucheza, na wajomba zenu kabla yao, enzi ambazo picha zake zilikuwa vibokisi tu vya rangi. Kila baada ya miaka michache linatoka toleo jipya. Mara wameongeza theluji, mara jangwa, safari hii wameongeza hata mvua. Lakini yapo mambo ambayo hawayagusi. Nchi yake imekatwakatwa hatua, na hatua zinaitwa kwa namba. Mwisho wa kila hatua anakaa bosi mwenye jina kubwa linalowaka juu ya kichwa chake, na wadogo wote waliobaki wanagawana majina ya jumla: Kaa, Popo, Chura. Halafu yupo yule Kaa wa mwanzo kabisa, anayekwenda mpaka ukutani, anasimama kidogo, anageuka, anarudi alikotoka. Hayo yote yana chanzo kimoja, nacho ni watu kutoaminiana.

Kabla ya hapo nchi ile ilikuwa moja. Ungeweza kutoka Mchangani, upande wa jua kuchomoza, ukapita Bonde la Popo, ukapita Majimoto, mpaka kwenye mnara wa mwisho inapowekwa Taa, bila kukuta ukuta wala mlango. Taa hiyo ndiyo iliyoangaza nchi nzima. Wote walijua kwamba siku ikichukuliwa giza litaingia na kesho haitakuwepo, kwa hiyo kila aliyezaliwa pale alizaliwa mlinzi. Na kila mmoja alikuwa na jina lake mwenyewe. Alikuwepo popo aliyeitwa Mchelewa kwa sababu mama yake alimngoja mpaka akakata tamaa, na chura aliyeitwa Mwanamvua, na konokono wawili pacha ambao majina yao yalikuwa marefu kuliko wao. Jioni, watu walipomaliza ulinzi, ungesikia majina yakiitwa kutoka huku mpaka kule, kila mtu akiuliza kama wa kwake amefika salama.

Mchangani aliishi kaa mmoja wa kike jina lake Mashavu, pamoja na mdogo wake wa kiume, Kombo. Mama yao aliwaacha Kombo akiwa bado na gamba laini, na Mashavu ndiye aliyemlea, akamtafutia chakula, akamfundisha kwenda upande kama kaa anavyotakiwa kwenda. Alimpenda sana, ingawa mapenzi yake yalikuwa ya kukagua. Mashavu alikuwa mtu wa kunusa mambo. Ukimletea chakula, kabla ya asante atakuuliza umekitoa wapi. Kombo alikuwa mpole na si msemaji, na kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo barabarani. Haya mashimo mnayoangukia nyinyi mpaka leo, fundi wake wa kwanza alikuwa yeye.

Siku Mrukaji alipotokea kwa mara ya kwanza, hakuna aliyepata shida. Alikuja na mabuti yake ya njano, anakimbia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akatumbukia moja kwa moja kwenye shimo la kwanza. Watu walipiga vigelegele, Kombo akabebwa juu. Asubuhi iliyofuata akaja mwingine, mabuti yale yale, kimo kile kile. Huyu alipofika kwenye shimo la kwanza aliruka bila hata kupunguza mwendo, akamkanyaga Mchelewa wa watu, akaenda kuangukia la pili. Kesho yake akaja mwingine, akaruka la kwanza na la pili.

Hapo inabidi muwaelewe watu wa nchi ile. Kwao, aliyekanyagwa alitoka moshi kidogo na habari yake ikaishia hapo. Hawakuwahi kumwona aliyeondoka akarudi. Kwa hiyo haikumpitikia yeyote akilini kwamba huyu anayekuja ni yule yule wa jana. Waliamini kuna ukoo mzima wa Warukaji huko nje, ndugu kwa ndugu wenye mabuti ya kufanana, wanaotumwa mmoja baada ya mwingine. Na kama wa kwanza hakujua shimo lilipo, na wa pili amelijua, basi yupo aliyemwambia. Kisha kila siku walinzi wakazidi kukanyagwa, na kila siku mgeni akazidi kusogea kuelekea kwenye Taa.

Mambo yakaharibika haraka. Watu waliokuwa wakiitana majina jioni wakaanza kuitana kwa sauti ya chini. Popo waliwatazama vyura, vyura waliwatazama kaa. Mtu akichelewa kurudi aliulizwa alikuwa na nani. Akiwahi kurudi, aliulizwa kwa nini amewahi. Na mara nyingi, mazungumzo yakifika kwenye mashimo, macho yote yalimwangukia Kombo, kwa sababu nani anajua mashimo kuliko aliyeyachimba?

Mashavu aliwafokea majirani waliosema hivyo, lakini moyoni wasiwasi ulishaingia. Alianza kumwangalia mdogo wake kwa jicho la pembeni. Aliona kwamba Kombo hali vizuri. Aliona kwamba kila alfajiri, kabla ya zamu, anatoka kimya kimya na kurudi na mchanga kwenye magoti. Asubuhi moja akamfuata kwa mbali, akamkuta ameinama kwenye ukingo wa shimo la tatu, uso umeelekea chini na gando moja limenyooshwa, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza aliporudi nyumbani.

"Kwenye mashimo, dada."

"Alfajiri yote hii?"

Kombo akajipangusa mchanga magotini, akasema, "Mashimo yangu ni matupu. Nimechungulia yote. Wameanguka wengi, na sijaona hata buti moja chini."

Mashavu hakuyasikia maneno yale kama yalivyosemwa. Alisikia mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mkutano uliitishwa Majimoto, chini ya mnara. Aliyeuongoza alikuwa chura mkubwa jina lake Masumbuko, mwenye sauti ya kutikisa maji na asiyependa kukatizwa. Alisema nchi ina msaliti, na kwa kuwa msaliti hajulikani, dawa ni kuhakikisha kwamba hakuna anayejua zaidi ya kipande chake. Nchi ikatwe kwa kuta. Aliyeko mbele asijue mashimo ya nyuma, wala wa nyuma asijue ya mbele. Mahali paondolewe majina na papewe namba, ili mtu asiweze kumwelekeza mgeni. Na majina ya watu nayo yaondolewe, kwa sababu msaliti hawezi kumtaja mtu asiye na jina. Kaa awe Kaa, Popo awe Popo, na mmoja akikanyagwa asimame mwingine mahali pake bila maswali. Ila mwisho wa kila kipande akae msimamizi mmoja mwenye jina lake, liandikwe kubwa juu ya kichwa, ili mgeni akipita watu wajue wa kumlaumu. Alipofika kwenye usimamizi wa kipande cha kwanza alijitaja mwenyewe, na hakuna aliyecheka.

Kisha akawageukia watu wa Mchangani. "Mashavu, wewe unaishi na mchimbaji. Kuna kitu umeona?"

Mnaweza kusema angenyamaza, na mimi pia nasema angenyamaza. Lakini Mashavu alikuwa amechoka kushuku peke yake. Akaeleza habari ya alfajiri, ya mchanga kwenye magoti, na ya gando lililonyooshwa shimoni. Hakuongeza kitu. Alipomaliza, Masumbuko akatamka kwamba yule kaa ahamishiwe kipande cha pili, ng'ambo ya ukuta, asirudi Mchangani tena.

Kombo hakupinga. Walipokuwa wanaondoka alisimama mbele ya dada yake na kusema, "Ungeniuliza kwanza."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza nilikuwa wapi. Nilichokiona nilikwambia mwenyewe, na hukukitaka."

Kuta zikajengwa, na Mchangani, kipande cha kwanza, pakawa Moja-Moja. Siku chache watu walilala usingizi wa kweli. Halafu Mrukaji akaja tena, akaangukia shimo jipya lililochimbwa baada ya Kombo kuondoka, na kesho yake akaja mwingine. Akaruka la kwanza, la pili na la tatu, akaruka hata lile jipya aliloangukia mwenzake jana yake, na Kombo alikuwa ng'ambo ya ukuta. Sasa macho yakaanza kumgeukia Mashavu. Kama siye mdogo, alisema mmoja wao, basi ni mkubwa.

Mashavu akaona hana pa kukimbilia ila ukweli, na ukweli akautafuta kwa njia anayoijua, yaani kwa magando. Alijichimbia mchangani karibu na shimo la mwisho, mahali anapotua mgeni, akasubiri. Mgeni alipotua, alimbana buti la kushoto kwa nguvu zake zote, na Mrukaji alipojivuta akamwachia kipande cha njano gandoni kisha akapepesuka na kutumbukia. Mashavu alichungulia chini. Hakukuwa na mtu, wala buti. Asubuhi iliyofuata alikaa pale pale na kile kipande, akaiona ikimjia ile miguu miwili ya njano, na buti la kushoto limenyofolewa pembeni, na kipande kinalingana na pengo.

Hakukuwa na ukoo wa Warukaji. Alikuwa mtu mmoja tu, anayeanguka, anarudi, na anakumbuka. Hakuna aliyemwambia shimo liko wapi. Alilijua kwa kuliangukia. Na Kombo alikuwa amelidokeza hilo nyumbani kwao, asubuhi, kwa sauti ya kawaida, aliposema mashimo ni matupu, na yeye akaenda kumshtaki.

Mashavu alikwenda kwa Masumbuko na kipande kile cha njano, akaeleza yote na kuomba kuta zibomolewe na watu warudishiwe majina yao. Masumbuko alikuwa amekwisha kuzoea. Jina lake lilikuwa linawaka juu ya kichwa, alikuwa na chumba chake na ngoma yake inayopigwa anapotokea. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Nani amekutuma useme hivyo?"

Mashavu akajua kwamba kuta hazitabomolewa. Akaondoka, akaenda mpaka kwenye ukuta wa mwisho, ule unaotenga kipande cha kwanza na cha pili, akaweka mdomo karibu na jiwe na kumwita mdogo wake kwa jina lake, jambo ambalo lilikwisha kuwa kosa. Aliita mara nyingi. Mwisho alisikia miguu ya kaa upande wa pili ikija pole pole, ikasimama. Aliitambua, maana aliifundisha yeye kutembea.

"Kombo, ni mimi. Nimeona ulichokiona. Nisamehe."

Pale ng'ambo alisimama mtu aliyewahi kushtakiwa mbele ya umati na sauti hii hii ikasema mambo yake yote. Angejuaje kama leo Masumbuko hayuko nyuma yake, anasubiri kuona ni kaa gani ataitika kwa jina lililokatazwa?

"Hapa hakuna Kombo," sauti ikajibu. "Hapa kuna Kaa tu."

Na ile miguu ikageuka, ikaenda zake.

Na tangu siku hiyo nchi ya Mrukaji imekatwa hatua, na walioko Moja-Moja hawajui kinachotokea Moja-Mbili. Mabosi wana majina na ngoma zao, na wadogo hawana. Mnaanguka, mnarudi na mnakumbuka, na huko ndani bado wanatafuta nani anawaambia. Toleo baada ya toleo, yule Kaa wa mwanzo huenda mpaka ukutani na kusimama kidogo kabla ya kugeuka, na nyinyi hufurahia ule muda mfupi kwa sababu ni rahisi kumrukia akiwa amesimama. Mnadhani amewekwa hivyo ili awangoje nyinyi. Anasikiliza kama ng'ambo kuna atakayeitika.