Makava Juu ya Mafiga

Mvua ilikuwa imeishika Nyanga kwa siku nne mfululizo. Migomba ilitona maji kutwa kucha, na bati la nyumba ya Mama Ephrasia lilivuma kama ngoma. Barazani, binti yake Dativa alichutama mbele ya makava mawili ya injini ya pikipiki, akiyasugua kwa msasa. Tangu amalize chuo cha ufundi, mwaka wa pili sasa, alikuwa amebisha hodi kila karakana ya mjini Bukoba bila mafanikio. Hatimaye Kahangwa, fundi mwenye karakana kule Muleba, alimkabidhi makava hayo ya mteja wake.

"Kayapake rangi nyumbani," alimwambia. "Nahitaji mpaka rangi mmoja tu. Projestus uliyesoma naye nimempa ya kwake. Atakayeleta kazi safi ndani ya wiki mbili, huyo ndiye wangu."

Dativa aliijua kazi. Rangi hupakwa mikono mitatu, yaani tabaka juu ya tabaka; kila mkono sharti ukauke kabisa kabla ya kupuliza mwingine, na katika unyevu ule kila mkono ulidai siku kadhaa. Lakini siku ya tano akasikia kwamba Projestus ameonekana stendi na mzigo begani. Akadhani ni makava, yameshapakwa rangi. Akapuliza mikono yote mitatu asubuhi moja, kisha akayapanga makava kwenye dari la fito juu ya mafiga, mahali mama yake alipoivishia ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi kwa joto la moto.

"Mwanangu, unafanya nini huko juu?"

"Nakausha, Mama. Kama moto unaivisha ndizi, utashindwa na rangi?"

"Ndizi zenyewe nazipa siku tano. Wewe unaitaka rangi yako jioni? Au unapika rubisi ya pikipiki?"

"Projestus atanitangulia!"

"Akutangulie. Si mmepewa wiki mbili?"

Dativa akaongeza kuni. Hofu ilikuwa imemziba masikio.

Jioni makava yaling'aa kama kioo. Akayagusa kwa kidole, yakawa makavu. Kesho yake asubuhi alikuwa Muleba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona mapema hivi? Mwenzako hata hajaonekana."

Kahangwa akayafunga makava, akawasha injini. Mwenye pikipiki alisimama kando, akitabasamu. Injini ilipopata moto, rangi ikaanza kuvimba malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa uji. Kahangwa akaikwaruza kwa ukucha. Ganda zima likabanduka, na chini yake rangi ilikuwa bado mbichi, inanata.

"Hii rangi au maganda ya muhogo?" mwenye pikipiki akauliza. Watu waliokuwa karakanani wakacheka.

Kahangwa hakucheka wala hakukasirika, na jambo hilo lilimuumiza Dativa zaidi.

"Nani alikukimbiza, binti?"

"Naomba niyarudie, fundi. Siku nane bado zipo."

"Mwenye mali ameona kwa macho yake. Nitamwambia nini nikikupa tena?"

Dativa alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakukumbuka alivyofika nyumbani.

Siku ya kumi na tatu Projestus alipeleka kazi yake Muleba, akapokelewa kazini siku hiyohiyo. Baadaye Dativa alipata habari kwamba ule mzigo wa stendi ulikuwa mkungu wa ndizi ambao Projestus alikuwa akimpelekea shangazi yake kule Kanazi. Wakati ule makava yake yalikuwa bado hayajaguswa hata na msasa.

Mama Ephrasia alimwekea bintiye chakula, akakaa karibu naye bila kumlaumu. Dativa alikitazama kikapoa. Mlango mmoja uliokuwa wazi kwake alikuwa ameufunga kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwa na mwingine wa kubisha. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.