Hatua Mia Tatu za Bibi Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni karibu. Ngano ya leo ina urefu wa hatua mia tatu, na nimezihesabu mara mbili.

Hapo zamani za kale, Chui alikuwa mfalme wa msitu, na Bibi Kobe alikuwa hakimu. Sheria ya mipaka ilikuwa moja: eneo la kila mnyama ni hatua mia tatu, na hatua ni za Kobe. Alipopima, aliimba:

"Moja, mbili, tatu,
sheria si ya mtu."

Siku moja Chui aliutamani mkuyu wenye tawi zuri la kulalia. Chini yake aliishi Nungunungu, mjane mwenye watoto watatu. Chui akadai mkuyu ni wake. Kobe akapima kuanzia mtoni, ulikoanzia uwanja wa mfalme. Mkuyu ukaangukia hatua ya mia tatu na saba.

"Ni wa Nungunungu," akahukumu.

Chui akampelekea kikapu cha uyoga. Kobe akakirudisha. "Uyoga haupunguzi hatua."

Chui akaja mwenyewe. "Bibi, gamba lako nitalifanya bakuli!"

"Litakuwa bakuli zuri, mjukuu wangu. Mkuyu utabaki palepale."

Mara ya tatu Chui akamwachisha kazi, akamteua Swala. Akatangaza: "Kuanzia leo, hatua ni za mpimaji anayeteuliwa na mwenye nguvu!"

Swala akaruka. Alipotua mara ya sita, mkuyu ulikuwa nyuma yake. Nungunungu akahamia kwenye miiba na wanawe. Chui akapanda tawini, akakoroma.

Siku ya tatu, ng'ambo ya mto, akatokea Tembo.

"Nimesikia sheria yenu mpya. Nguvu ninazo, kwa hiyo najiteua mwenyewe!"

Akaanza kupima eneo lake. Alipofika mtoni alikuwa ametumia hatua ishirini tu. Ya ishirini na tano ikabomoa pango la Chui. Ya arobaini ikautikisa mkuyu, Chui akaanguka pu!

"Swala, mzuie!"

"Mfalme wangu, mimi huamua atakalo mwenye nguvu. Leo ni yeye."

Chui akakimbia kwa Kobe. "Bibi, nisaidie!"

"Nitapima. Ila asiniondoe yeyote kwa sababu hukumu haikumpendeza. Hata wewe."

"Nakubali!"

"Na Nungunungu arudi kwake."

Chui akainamisha kichwa. "Arudi."

Kobe akasimama mbele ya Tembo, akaanza: "Moja, mbili, tatu..."

Tembo akacheka. "Bibi, kwako babu yangu alishindwa kesi, baba yangu akashinda. Wewe nakuamini; hatua ziwe zako tena." Akageuka, akarudi ng'ambo.

Nungunungu akarudi mkuyuni na wanawe, wakiuimba ule wimbo. Chui alilala chini, akihesabu nundu zake. Zilikuwa saba.

Basi wenzangu, anayemwondoa hakimu leo, kesho atamtafuta, na huenda asimkute.

Ngano yangu imetimiza hatua mia tatu. Anayetaka ya mia tatu na moja, akamwombe Bibi Kobe.