Soko la Mduara Lisilo na Mlango

Hapo zamani, si zamani zile za simba kuoa binti wa mfalme, bali zamani ambapo kompyuta zilikuwa na kisogo kikubwa kama mzigo wa kuni, palikuwa na mji uitwao Nandembele.

Mji huo ulikuwa na desturi yake. Kitu kikubwa kikijengwa, hupewa jina la aliyekibuni. Bwana Nachenga alibuni daraja, na daraja likaitwa Nachenga. Alikufa siku nyingi zilizopita, hata kaburi lake limepotea majanini, lakini kila asubuhi watu walikuwa wakiitana, "Tukutane Nachenga!" Na jina lilikuwa moja tu. Mtu mwenye kiu hawezi kusimama kutaja majina matatu ya kisima.

Sasa, akina mama wa soko la Nandembele walikuwa na ugomvi usiokwisha. Kila mmoja alitaka kibanda cha mbele. Wa mbele waliuza, wa nyuma walipepea nzi. Asubuhi walisukumana, jioni walisutana. Mama Lukia, muuza korosho, aliwahi kulala juu ya meza yake ili asinyang'anywe nafasi.

Jumbe Bihawa, mwanamke aliyeongoza mji huo, akachoka.

"Basi!" akasema. "Nitawajengea soko la mduara. Mduara hauna mbele wala nyuma. Vibanda arobaini, vyote sawasawa, vimeshikana bega kwa bega. Tuone mtagombania nini."

Akaenda karakana ya vyuma. Pale walikuwapo mafundi vijana watatu waliosoma pamoja na kuajiriwa siku moja. Walichora kila kitu kwenye kompyuta kwanza, ndipo chuma kikakatwa. Wa kwanza Chilumba, mpole, mwenye kupima kila kitu. Wa pili Mponda, mwepesi kama jiko la mafuta ya taa. Wa tatu Somoe, mcheshi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifika kazini mapema.

"Nichoreeni soko," akasema Jumbe. "Atakayelibuni, soko litaitwa kwa jina lake."

Chilumba akaanza. Alikwenda kwa akina mama na kamba yake. Akapima mkono wa Mama Lukia unapofikia mizani. Akapima tenga la samaki wakavu. Akapima hata mtoto aliyelala chini ya meza.

"We kaka, unanipimia sanda?" akauliza Mama Lukia.

"Napima kibanda, mama."

"Basi pima na makalio. Yapo, usiyakwepe!"

Chilumba akapima. Akarudi akachora kibanda kimoja. Kimoja tu, lakini kilikuwa kibanda! Kivuli kilifika mahali pake, meza ilikuwa na kimo chake, mtoto alikuwa na pa kulala.

Kisha akaanza kukinakili. Akaweka cha pili kando ya cha kwanza, kwa macho. Akaweka cha tatu, kwa macho. Akaweka cha nne. Alipofika cha arobaini, mduara ulikuwa umepinda kama yai, na kibanda cha mwisho kimekipanda cha kwanza mgongoni. Akafuta, akaanza tena. Ukapinda tena.

Mponda akaja akacheka mpaka akashika mbavu.

"Chilumba ndugu yangu, unapanga vibanda au unapanga viazi? Usiweke kimoja kimoja. Tafuta kitovu!"

Akaweka alama katikati ya uwanja. Akaiambia kompyuta: hiki ndicho kitovu, hiki ndicho kibanda, kizungushe mpaka viwe arobaini, nafasi zilingane. Kompyuta ikanguruma kidogo. Vibanda vikasimama vyote kwa pamoja, duara kamili, hakuna kilichosukuma kingine. Na zaidi ya hapo, Mponda alivifunga vyote kwa kile cha kwanza. Ukikigusa kile kimoja, vyote vinafuata, kama vifaranga na mama yao.

"Kazi imekwisha!" wakasema wawili wale, wakapeana mikono.

Ndipo Somoe akafika, kama kawaida yake, na andazi mkononi. Akainama mbele ya kompyuta. Akautazama mduara upande huu, akautazama upande ule.

"Soko zuri," akasema. "Mimi naingilia wapi?"

"Unaingilia nini tena?"

"Soko! Vibanda vimeshikana pande zote. Mnunuzi atapita wapi? Au tutamrusha kwa kombeo?"

Chilumba akatazama. Mponda akatazama. Mlango haukuwapo.

"Tufute kibanda kimoja," akasema Mponda upesi.

"Cha nani?" akauliza Chilumba. "Nenda kamwambie Mama Lukia kwamba hana kibanda. Mimi nitakungoja hospitali."

Somoe akamaliza andazi lake, akapangusa vidole.

"Iambie kompyuta iweke arobaini na kimoja," akasema.

"We dada umelewa? Arobaini havituachii nafasi, nawe unaongeza?"

"Ongeza kimoja. Kisha kifute hicho hicho ulichoongeza."

Wakamcheka. "Mtu huyu anapika wali ili aumwage!" Lakini Chilumba akawa wa kwanza kuacha kucheka. Akakipunguza upana kile kibanda cha kwanza, kiasi cha vidole vichache tu. Vyote vikapungua pamoja nacho. Mponda akabadilisha hesabu, viwe arobaini na kimoja. Vikajipanga upya, sawasawa. Somoe akafuta kimoja, na hapo palipofutwa pakawa mlango. Kila mama ametoa kidogo, hakuna aliyekosa.

Chuma kikakatwa. Soko likasimama. Siku ya kulifungua, akina mama walipiga vigelegele, wanunuzi wakamiminika ndani. Fundi wa rangi alipanda ngazi, juu ya mlango akaandika SOKO LA, kisha akageuka akauliza, "La nani?"

Chilumba akasogea. "La Chilumba. Soko zima ni kibanda changu kinachojirudia. Kama nisingechora hicho kimoja, Mponda angezungusha nini? Hewa? Bila mimi hakuna soko."

Mponda akasogea. "La Mponda. Kibanda kimoja peke yake ni choo cha njiani! Mimi ndiye niliyekifanya mduara, na mduara ndio ulioondoa ugomvi. Na mlipotaka kupunguza, nani aliyevifunga vyote vikafuata? Bila mimi hakuna soko."

Somoe akasogea. "La Somoe. Hawa wawili walijenga boma la kufungia mbuzi. Akina mama wangekaa ndani, wateja nje, wakaonyeshana korosho kwa juu. Bila mimi hakuna soko."

"Wewe ulifuta tu!" akasema Mponda.

"Nilifuta, na wewe umepita pale pale nilipofuta. Rudi basi nje, uingie kwa njia yako!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Lukia akapaza sauti kwamba ni Chilumba, maana meza inamfaa kiunoni. Jirani yake akasema ni Mponda, maana leo ndiyo mara ya kwanza hajasukumwa. Wanunuzi wakasema ni Somoe, maana wao wanaujua mlango.

Jumbe Bihawa akashika kiuno. "Nikisema Chilumba, nimeliita soko zima kwa kibanda kimoja. Nikisema Mponda, nimemsifu mtu kwa kukirudia kitu cha mwenzake. Nikisema Somoe, nimeliita kwa jina la mahali pasipo na kitu. Na yote matatu ni kweli, na yote matatu siyo."

Msiniambie liitwe kwa majina yote. Desturi mmeisikia. Msiniambie liitwe Bihawa, yeye hakuchora hata mstari. Fundi yuko juu ya ngazi, brashi imelowa, rangi inamdondokea kwenye viatu.

Mmoja alichora. Mmoja alizidisha. Mmoja alifuta. Enyi mnaonisikiliza, mwambieni fundi wa rangi: Je, ni nani aliyestahili soko liitwe kwa jina lake?