Lori Lenye Pua Mbili

Mwenye pua mbili hazibwi moja. Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa kijiji jana, alipokataa kumtoza faini mmoja tu kati ya wale wapasuaji mbao wawili waliogombana, nanyi mkacheka mkidhani anamtania mtu kwa ukubwa wa pua yake. Msicheke kitu ambacho hamjui kilikotoka. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Mufindi, kwenye kiwanda cha kupasulia magogo, na pua zenyewe zilikuwa za lori.

Lori hilo marehemu Mzee Mgimba aliwaachia watoto wake wawili. Wa kiume, ambaye naye watu walimwita Mgimba tu, alikuwa fundi wa injini. Wa kike, Tulalumba, alikuwa mpimaji wa magogo, na mumewe Luvanda ndiye aliyeshika usukani. Urithi mwingine hawakuwa nao. Likilala lori, nyumba mbili zinalala njaa.

Sasa lori likawa linashindwa mlima likibeba mzigo. Luvanda akataka lifungwe turbo moja kubwa, ile feni inayoisukumia injini hewa. Mgimba akasema turbo kubwa inachelewa kuamka, akafunga mbili ndogo sambamba: moja inazungushwa na moshi wa silinda tatu za mbele, nyingine na moshi wa silinda tatu za nyuma. Kila moja ilikuwa na bomba lake la kuvutia hewa, hili kulia kwa boneti, lile kushoto, na hewa yote ikaishia injini moja. Watu wakaliita lori lenye pua mbili. Na mlima lilipanda, tusimnyime mtu haki yake. Lakini Luvanda alikuwa amepuuzwa mbele ya wapakiaji, na Mgimba akazidi kutamba kwamba kazi ya dereva ni kukaa. Hapo ndipo mashemeji hao waliponuniana.

Kununa gani huko! Miezi miwili hawakusemezana. Neno la kila mmoja lilipitia kwa Tulalumba: mwambie kaka yako, mwambie mume wako. Akaitwa baba yao mdogo, Mzee Sadoki, aje asuluhishe. Mzee akamkalisha Luvanda, akamwambia yeye ni mkwe tu, anyamaze. Luvanda akanyamaza. Mgimba hakuguswa, akaendelea kumchimba mwenzake kila asubuhi, na wiki haikuisha Luvanda akaanza tena kujibu. Mzee akarudi, akamnyamazisha yule yule.

Tulalumba alichoka, wacheni tu. Akajifunza kuyalainisha maneno njiani. Siku moja mumewe alimwambia amwambie kaka yake kwamba turbo ya kulia inatoa moshi wa bluu, inakula oili, na asipoifungua itawaua. Tulalumba alipofika kwa kaka yake akasema tu kwamba lori litazamwe, siku akipata nafasi. Alidhani anaokoa amani. Mgimba akajibu kuwa nafasi hana.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Luvanda aliwasha lori kando ya kiwanda, magogo yakiwa tayari juu. Injini ikaanza kupandisha sauti yenyewe, na mguu wake haupo hata kwenye mafuta. Akazima swichi. Haikuzimika. Sili ya turbo, ile inayozuia oili isipenye, ilikuwa imekatika, injini inakunywa oili yake yenyewe, na swichi hukata dizeli, haikati oili. Akaingiza gia na kukanyaga breki ili aikabe. Klachi ikateleza, ikanuka. Moshi ukatanda uwanja mzima. Wapakiaji wakatimua mbio, maana injini ikifika hapo hupasuka, na vyuma vyake havichagui mtu.

Luvanda hakukimbia. Dawa aliijua, ni kuinyima hewa. Akaruka chini, akanyakua kipande cha ubao, akakikandamiza kwenye mdomo wa bomba la kulia. Sauti ikashuka kidogo, kisha ikapanda kuliko mwanzo, kwa sababu pua ya kushoto ilikuwa inavuta. Akadhani dawa imekataa, akaachia. Hapo hapo Mgimba akawa amefika mbio kutoka gereji, ameziba ya kushoto kwa ubao wake, na ya kulia sasa iko wazi. Injini haikujali. Naye akaachia, akazunguka kulia. Wakapishana mbele ya boneti bila neno, kila mmoja akikimbilia kule mwenzake alikotoka, mara ya kwanza, mara ya pili.

Tulalumba aliyaona hayo yote akiwa na kamba ya kupimia mkononi. Mumewe na kaka yake wa pekee, wote wawili wameinamia injini ile. Na alijua ni neno gani alilolimeza yeye lililowafikisha hapo.

Kaka yake akamgeukia. "Mwambie mume wako akae kulia, asiachie!"

Hata hapo, jamani. Hata kifo kikiwa hatua moja. Tulalumba akafungua mdomo kwa mazoea, apeleke ujumbe. Kisha akaufunga.

"Simwambii mtu," akapaza sauti. "Yuko hapo. Mwambie mwenyewe."

Mgimba akamtazama dada yake, akaitazama boneti inavyotetemeka. Akamgeukia Luvanda.

"Shemeji!" akaita. "Shika kulia. Usiachie hata iweje. Mimi nashika kushoto."

"Hesabu, shemeji," Luvanda akajibu.

Moja, mbili, tatu, mbao zikakandamizwa pande zote kwa pamoja. Injini ikavuta, ikakosa. Ikalitikisa lori na magogo yake yote, ikakohoa mara mbili, ikafa.

Walibaki wameshikilia mbao zao, wanaogopa kuachia. Tulalumba hakungoja kuulizwa. Akawaeleza ujumbe wa moshi wa bluu ulivyokuwa ulipotoka kwa mumewe, na yeye alivyoupunguza, akilia huku anasema. Mgimba akakaa chini kwenye vumbi la mbao.

"Usijitese, dada," alisema. "Hata ungeuleta mzima nisingeusikia. Ulitoka kwake."

Mchana Mzee Sadoki akafika, habari zimemtangulia. Hata kukaa hakukaa, akamnyooshea Luvanda fimbo na kuanza: mkwe gani huyu asiyejua kutulia. Tulalumba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza mkubwa, akapiga magoti na kumwekea mbao mbili miguuni, zote zimelowa oili.

"Kamwene, baba mdogo," alimsalimia. "Huu ni wa kulia, huu ni wa kushoto. Asubuhi mume wangu aliziba upande mmoja peke yake, na injini ikazidi kuvuma. Mwenye pua mbili hazibwi moja."

Mzee akazitazama zile mbao. Kisha akashusha fimbo, akamwita na Mgimba aje akae.

Basi jana mwenyekiti hakumtania mtu. Aliwaona wawili wanagombana, mmoja ndiye anayeletewa faini, akakumbuka lori lile. Mwenye pua mbili hazibwi moja.