Mwiko wa Bi Mashavu

Hadithi, hadithi!

Njoo!

Ije na nini?

Ije na mpunga mkavu, na jamvi la kuuanikia!

Haya, nimeleta. Na wewe uliyekaa nyuma, sogea, mimi sizungumzi na ukuta.

Hapo zamani za kale, kunguru walipokuwa wakisema kama sisi, paliondokea mjane mmoja, jina lake Bi Mashavu. Alikuwa na binti mmoja, Mwanamvua, na tetea mmoja mwenye kishungi kichwani.

Mwanamvua alikuwa amechumbiwa. Na kijijini kwao, sinia la kwanza la harusi, lile la bwana harusi, lazima lipikwe kwa mchele wa shamba la mama wa bibi harusi. Ukipika mchele wa dukani, wakwe wanageuza njia, wanarudi kwao. Basi Bi Mashavu akavuna mpunga wake, jamvi moja tu, akauanika uani.

Wakaja kunguru. Wakala, wakachafua jamvi, na kwa heshima yenu sisemi walilichafua kwa kitu gani. Walipochoka wakapanda juu ya paa, wakalala kama kwao.

Bi Mashavu akachukua kanzu ya marehemu mumewe, akaijaza majani makavu, akaisimamisha uani. Kunguru mkubwa akaizunguka, akaitazama juu na chini, akatua begani.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Kimya.

"Huyu hana neno na mtu," akawaambia wenzake. Wakala.

Kesho yake Bi Mashavu akatundika makopo matupu kwenye kamba. Upepo ukavuma, makopo yakalia, chang'ara, chang'ara. Kunguru wakashtuka kidogo, kisha wakaanza kutikisa mabega.

"Bi Mashavu, ngoma yako tamu," akasema kunguru mkubwa. Wakacheza, wakaona njaa, wakala.

Siku ya tatu akaazima paka kwa jirani. Paka akaja amejivimbisha, akasema, "Kazi hii niachieni mimi." Kunguru mkubwa akamdondoshea kichwa cha samaki. Paka akala, akajilamba, akalala katikati ya jamvi. Kunguru wakala wakimzunguka, taratibu, wasimwamshe.

Mpunga ukabaki kidogo, wa kutosha sinia moja tu. Bi Mashavu akaketi kizingitini, akalia. Moyoni alikuwa akimwona Mwanamvua wake amevaa, amepambwa, na wakwe wanaondoka.

Tetea akamsogelea. "Mama, nikikwambia nani anawaita hawa kunguru, siku ya harusi utanipika?"

"Sikupiki."

"Apa."

"Wallahi sikupiki."

"Ni wewe."

Bi Mashavu akapandisha hasira. "Mimi? Mimi ninayewafukuza kutwa nzima?"

"Kila adhuhuri ukishapakua, unafanyaje?"

Bi Mashavu akawaza. Kila adhuhuri alichukua mwiko, akagonga ukingo wa sufuria, ko, ko, ko, akakwangua ukoko na kuutupa uani.

"Unaniita mimi," akasema tetea. "Lakini na kunguru wana masikio."

Bi Mashavu akautazama mwiko wake. Kisha akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

Adhuhuri iliyofuata alijitwika sufuria, akavuka kilima, akashuka bondeni kusikokaa mtu. Akagonga, ko, ko, ko, akautupa ukoko. Kunguru wote wakamfuata. Kesho yake vile vile, na keshokutwa vile vile. Mwisho kunguru wakaona ya nini kwenda na kurudi, wakahamia huko huko bondeni.

Nyumbani Mwanamvua akafagia ua, isibaki hata punje, akaziba matundu ya paa kwa wavu mkuukuu, kunguru wasirudi kulala. Tetea akawa analishwa mkononi, kimya kimya. Mpunga ukakauka, ukatwangwa, ukapepetwa.

Siku ya harusi ikafika. Bwana Machano, mpishi mkuu, akaanza kupakua sinia la kwanza. Wali ukanata kwenye mwiko, naye akauinua augonge ukingoni, kama wapishi wote wafanyavyo.

Bi Mashavu alikuwa katikati ya ngoma. Akaiacha, akaruka benchi, akaudaka mwiko hewani.

"Kulikoni, dada?" akauliza Bwana Machano.

"Gonga hapo, kaka, uone wageni watakavyoongezeka."

Kina mama wakavunjika mbavu. Wali ukapakuliwa kwa kijiko, bila kishindo. Bwana harusi akala sinia lake, wakwe wakaridhika, vigelegele vikapanda. Mwanamvua, na hina yake mkononi, akampa tetea ukoko wake kando ya mkeka.

Na kule bondeni kunguru walikaa matawini, vichwa wameviinamisha upande, wakisubiri ko.

Basi funzo ni hili: akikujia kila siku usiyemtaka, kabla hujashika fimbo jiangalie mkono wako, huenda ndio unaomwita.

Hadithi yangu nimeianika mbele yenu, imekauka. Naikunja na jamvi lake. Aliyeokota punje, ni yake.