Jinsi Neno Bwana Lilivyopasuka

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana habari hii haipendi kukatwa katikati. Haichekeshi sana. Nitaichekesha pale itakaponiruhusu, lakini mwisho wake naujua, na ninyi mtaujua punde.

Siku hizi neno bwana limezagaa kama makapi ya mpunga. Mimi mwenyewe nimeitwa bwana katika miji mingi kuliko ninayoweza kuikumbuka. Niliitwa bwana na karani wa mpakani aliyekuwa akinirudisha nilikotoka. Niliitwa bwana na kinyozi, muda mfupi baada ya kunikata sikio. Mke wangu huniita bwana mbele ya wageni, na wageni wakishaondoka huniita majina mengine. Juzi nimemsikia jirani yangu akimfukuza mbuzi kwenye mchicha wake: "Toka hapa, bwana!" Mbuzi mwenyewe jike.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani neno hilo lilikuwa moja, na lilikuwa la mtu mmoja, na maana yake ilikuwa moja tu: yule anayelijua bwawa.

Kijiji chenyewe kilikuwa Mtindiro. Kilikaa bondeni, chini ya mlima mkavu, na juu yake, kwenye bega la mlima, wazee wa zamani walikuwa wamejenga tuta la udongo na mawe ili kuyashika maji ya mvua. Maji hayo yalishuka kwa mfereji hadi kwenye migomba na maharage. Bila bwawa, Mtindiro ingekuwa kichuguu tu. Kwa hiyo aliyelijua bwawa ndiye aliyeamua nani amwagilie lini, na kwa kuwa aliamua hilo, aliamua na mengine yote. Kujua na kutawala vilikuwa kitu kimoja, navyo vilikaa ndani ya neno moja kama kiini na ute wa yai.

Bwana wa mwisho wa aina hiyo aliitwa Mrindoko. Kila asubuhi alipanda kwenye tuta akalaza sikio lake udongoni, kisha akashuka upande wa nje kutazama kama kuna unyevu. Alikuwa na pembe ya mnyama aitwaye kuro, akiipuliza pakiwa na hatari, na kijiji kizima kilipoisikia kilikimbilia mlimani bila kuuliza swali. Alikuwa na watoto wawili. Nakundwa, msichana, alikuwa mkubwa. Kadege, mvulana, alikuwa mdogo na mzuri wa sura. Mzee aliwapandisha wote wawili kwenye tuta. Kadege alilaza sikio akasinzia. Nakundwa alisikiliza.

"Yakipenya maji safi, usiogope," baba yake alimwambia. "Bwawa linatoka jasho tu, kama mtu mwingine. Yakitoka na tope, ujue linaliwa ndani. Na usiwadanganye watu kuhusu maji, mwanangu. Danganya kuhusu umri wako ukitaka."

Mrindoko alipokufa, wazee walikaa siku mbili. Walijua vizuri nani kati ya wale wawili alikuwa na sikio. Lakini hakuna aliyewahi kuona bwana aliyevaa shanga, wakashindwa kulitamka neno hilo mbele ya mwanamke. Basi wakafanya jambo ambalo tangu hapo watu wamelifanya mara nyingi, kila mahali nilipopita: waligawanya kazi na heshima. Kiti, pembe na neno bwana vikaenda kwa Kadege. Kupanda kwenye tuta kila asubuhi kukabaki kwa Nakundwa. Naye alihitaji jina, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi hiyo akaitwa wewe. Wakasema, huyu amefundwa na baba yake, basi tumwite fundi.

Siku hiyo ndiyo yai lilipopasuliwa, kiini huku na ute kule.

Kadege hakuwa mtu mbaya, naomba mniamini. Alikuwa mtu aliyepewa neno zito kuliko shingo yake. Kwa kuwa hakulijua bwawa, alianza kulichunga neno. Akatangaza kwamba yeyote atakayelisikia likitamkwa, popote alipo, aache alichokishika, aketi chini, ainamishe kichwa na kupiga makofi mpaka Bwana mwenyewe aseme basi. Watu walizoea. Kina mama waliketi na ndoo za maji kichwani. Mlango wa kuteremshia maji mferejini akautia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Pembe ya hatari akaishusha nyumbani kwake, akawa anaipuliza kabla ya kula.

Ni mtu mmoja tu aliyekataa kulitamka neno hilo, naye ni dada yake. Miaka minne alimwita Kadege, kama mama yao alivyomwita. Jambo hilo lilimuuma Bwana kuliko jino bovu, na likawachosha wote, hata mume wa Nakundwa, mkulima mmoja mpole aliyeitwa Mgonja.

Mwaka wa nne mvua zilinyesha kupita kiasi, na bwawa likajaa hadi mdomoni. Kadege akafurahi, akawaalika wakuu wa vijiji vya ng'ambo ya mlima waje wale na waone maji yake. Zikiwa zimebaki siku saba, Nakundwa alishuka kutoka kwenye tuta miguu ikiwa na tope hadi magotini, akaingia uani kwa mdogo wake mbele ya watu.

"Kadege, tufungue mlango wa maji. Bwawa lishuke hadi nusu, leo."

"Umesalimia kwanza?"

"Nimesalimia. Umeamkaje?"

"Umemsalimia nani?"

"Nimekusalimia wewe, mtoto wa mama yangu, niliyekubeba mgongoni ukanilowesha mara ngapi sijui."

Watu walificha midomo kwa viganja. Kadege akakunja uso. "Wageni wangu wanakuja kuona bwawa limejaa. Unataka waone nini, vyura?"

"Upande wa nje yanatoka maji yenye tope. Linaliwa ndani."

"Hata mimi nikioga hutoka maji yenye tope," alisema Kadege, na uani pote wakacheka, kwa kuwa kichekesho cha mkubwa hakisubiri kuchekesha. Kisha akainama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kumbembeleza: "Sema neno moja tu, dada. Niite Bwana mbele ya hawa, nami nitafungua mlango huo sasa hivi."

Nakundwa akatikisa kichwa. Hapa wasikilizaji wangu wengi humkasirikia, nami nimewahi kumkasirikia. Neno moja! Mimi kwa sahani ya pilau nimewaita watu vitu vikubwa zaidi ya hapo. Lakini kwake neno hilo bado lilikuwa na maana yake ya zamani, yule anayelijua bwawa, na kulitamka kungekuwa kuwadanganya watu kuhusu maji. Akageuka akaenda zake.

Nyumbani, Mgonja alimmiminia maji ya kunawa miguu. "Ungesema tu, mke wangu. Halichubui ulimi."

"Siku utakayonisikia nikimwita vile, ujue nimepata wazimu."

"Basi siku hiyo nitapiga makofi mpaka viganja vitoke malengelenge," alisema Mgonja, "kwa sababu nitakula chakula changu kwa amani."

Siku sita Nakundwa alishindilia udongo wa mfinyanzi na ngozi za ng'ombe upande wa nje wa tuta. Siku ya saba, jua la mchana likiwa kali, kijiji kizima kilikusanyika uwanjani bondeni, chini kabisa ya bwawa, pamoja na wageni. Mgonja alikuwa miongoni mwao, amevaa shuka safi. Juu alibaki Nakundwa peke yake. Akaona udongo alioushindilia ukisukumwa nje, kisha maji mekundu yakatoka, unene wa kidole, halafu unene wa mkono.

Pembe ilikuwa chini, kando ya sahani ya Kadege. Kukimbia hadi bondeni kungechukua muda mrefu kuliko uliobaki. Alikuwa na sauti yake tu. Akasimama juu ya jiwe, akapiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo:

"Bwawa! Bwawa! Bwawa!"

Sasa, ninyi tamkeni neno hilo mkiwa mbali na upepo ukiwa kati yenu. Bwawa. Bwana. Tofauti yake ni kitu kidogo kinachotokea mdomoni, na upepo hauna mdomo.

Bondeni walisikia. Walinyanyua macho wakamwona fundi amesimama juu ya jiwe, ameinua mikono, anaita Bwana mara tatu. Baada ya miaka minne! Wakaweka chini vyungu na miiko. Wakaketi wote, wazee na watoto na wageni waliofuata desturi ya wenyeji, wakainamisha vichwa na kupiga makofi. Kadege akasimama, kwani yeye tu ndiye aliyeruhusiwa kusimama, na machozi yakamtoka. "Mmesikia?" alisema. "Huyo ni dada yangu."

Nakundwa akaita tena, akirusha mikono, akiwaonyesha mlima. Wakapiga makofi kwa nguvu zaidi. Kati ya vichwa vyote vilivyoinama kimoja kiliinuka kidogo, na kutoka juu alimtambua kwa ile shuka safi. Mgonja alikuwa akimtazama mkewe na kutabasamu, anapiga makofi kuliko wote, kama alivyoahidi.

Kisha tuta likafunguka.

Sitawasimulia maji. Anayetaka kujua maji yalivyo akaulize waliofiwa nayo. Niseme tu kwamba waliokuwa wameketi hawakupata muda wa kuinuka, na Kadege alipona kwa sababu alikuwa amesimama, akaudaka mti.

Walichimba tope siku nyingi. Siku ya tatu walimpata Mgonja. Nakundwa alimfuta uso kwa kanga yake, polepole, kwenye kope na ndani ya masikio, kama anayemwogesha mtoto. Kisha akasema, bila kumwambia mtu mwingine yeyote, "Bwana. Bwana wangu."

Waliosimama karibu walisikia. Hakuna aliyeketi. Hakuna aliyepiga makofi. Wajane wengine waliokuwa wakichimba hapo nao wakachukua neno hilo, kila mmoja akamwita hivyo wake aliyempata, na wale ambao hawakuwapata wao wakaliita tope lenyewe hivyo.

Kadege aliona yote hayo. Akaenda akaleta kiti na pembe, akaviweka matopeni mbele ya wazee waliobaki. "Silitaki neno hili," alisema. "Likateni. Lisikae tena kwa mtu mmoja."

Wakalikata. Aliyejua mazao alipewa kipande, akawa bwana shamba. Aliyejua ng'ombe akawa bwana mifugo, wa miti akawa bwana miti. Waliozoea kusali walichukua kipande kikubwa kuliko vyote, wakakipeleka juu, mahali ambapo kaka wa mtu hawezi kukifikia. Wanawake walibaki na kile walichokwisha kukitwaa, wakakitumia kwa waume walio hai pia, ingawa wengine hatukukistahili. Chenga zilizobaki zikamwagwa njiani, na kila mpita njia akaokota: njoo bwana, acha bwana, wapi bwana. Hizo ndizo wanazorushiwa hata mbuzi.

Nakundwa naye aliletewa kipande. Akakirudisha. Akasema lake analo, na kazi bado. Akawafundisha waliobaki kusimamisha tuta, kisha kuta, kisha paa, na kila aliyefunzwa akaitwa fundi kama yeye, awe wa mawe au wa mbao, wa nguo au wa viatu, hata yule anayetibu watu kwa mizizi. Kadege alibeba udongo kwenye karai hadi uzeeni, na dada yake alipomwita aliitika, "Naam, fundi."

Na tangu siku hiyo, Mtindiro hawasemi bwawa. Husema lambo, neno ambalo hata upepo ukiligeuza vipi halifanani na cheo cha mtu. Na tangu siku hiyo bwana anaweza kuwa yeyote, na fundi anaweza kuwa yeyote, lakini ni mara chache sana umkute mtu mmoja akiwa vyote viwili.

Ipo desturi moja zaidi, nayo mmeiona wenyewe. Ukimwita fundi nyumbani kwako aje kutazama ufa, hasemi kitu. Husimama. Hupapasa ukuta, hutikisa kichwa, hushusha pumzi. Wewe unamharakisha, unadhani anatafuta namna ya kukutisha. Nakundwa aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na kila alipoona tatizo alisimama hivyo hivyo kabla ya kufungua mdomo, na mafundi wote wakaiga kutoka kwake. Mwacheni fundi anyamaze. Anatafuta neno ambalo hamtaweza kulisikia vingine.